Kompyuta Ikifa Huacha Wosia

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali kabla hatujafika mbali. Kompyuta unayoitumia ikizima ghafla, skrini ikageuka samawati na kujaa maandishi usiyoyaelewa, wewe hufanya nini? Jibu lako nalijua kwa sababu ndilo lililokuwa langu mpaka muhula wa pili mwaka huu. Unabonyeza kitufe cha kuwashia. Unasubiri huku umeuma kidole. Ikiwaka, unamshukuru Mungu na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Isipowaka, unamwita fundi naye anakuambia, "Hii ni ya kufomati."

Tabia hiyo ilitugharimu nyumbani kwetu shilingi 4,500. Hizo ni pesa, na pesa hutafutwa. Lakini ilitugharimu pia mtu, na ndiyo sababu mhariri wetu aliposema nafasi ya makala ya sayansi iko wazi, sikungoja kubembelezwa.

Mama ana saiba ndogo hapa Komarock, ya kompyuta nne, zote za mtumba. Watu huja kuchapisha barua, kujaza ritani za KRA, kuomba mkopo wa HELB au kutafuta kazi tu. Kompyuta nambari tatu ilianza vituko vyake mwezi wa Januari. Mara inazima mteja akiwa katikati ya barua, mara inakaa wiki nzima bila neno, halafu inaanguka mara mbili kwa siku moja. Aliyekuwa akiiendesha saiba ni binamu yangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Fundi aliitwa mara tatu. Mara zote tatu alisema ni virusi, akafuta kila kitu kilichokuwa kwenye diski, akaweka Windows upya, akalipwa shilingi 1,500 na kwenda zake. Mara zote tatu ugonjwa ulirudi.

Haya basi, ikiwa ni virusi, vinatoka wapi? Mama alikuwa na jibu tayari. "Ni hizo sinema zako za usiku," alimwambia binamu. Binamu akaapa kwamba hajawahi kutazama sinema kwenye nambari tatu. Siku moja ya mwezi wa Mei mteja mmoja alikaa pale saa mbili nzima akijaza fomu ya mwanawe, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kutuma. Saa kumi na moja jioni skrini ikawa samawati. Yule mteja alilia, tena mbele za watu. Usiku huo mama alimwambia binamu asirudi kazini kesho yake. Alifungasha nguo zake kimya kimya, hata viatu vyake vya raba akavisahau chini ya meza ya saiba.

Binamu akaondoka na mashine ikaendelea kuanguka vilevile. Ungedhani hilo lingetosha kumtetea. Wapi! Mama alisema ni vile virusi alivyoviacha.

Nilimsimulia mwalimu wetu wa Kompyuta kisa hiki, si kwa kutafuta msaada bali kwa kulalamika tu. Akanikatiza.

"Ilisema nini kabla ya kufa?"

"Haikusema kitu, mwalimu. Ilikufa tu."

"Hakuna kompyuta inayokufa tu. Huyo fundi wenu amezika maiti mara tatu bila kuuliza aliuawa na nani. Enda uangalie kama imeacha dampo."

Mimi ni wa Komarock. Nikisikia neno dampo najua moja tu, lile jaa la jirani zetu wa Dandora, kando ya Mto Nairobi, ambalo upepo ukigeuka sote tunakumbushwa bila kuambiwa. Lilifunguliwa mwaka wa 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na malori hayakukoma kumwaga. Basi nilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema neno ni lilelile hasa: kumwaga kila kitu chini kwa mkupuo mmoja bila kuchagua. Tena akanikumbusha kwamba Dandora kuna watu wanaosomesha watoto wao kwa kuokota vyuma na plastiki ndani ya vitu ambavyo wengine wameviita takataka. Dampo la kompyuta nalo ni hivyo hivyo. Linanuka kwa asiyejua kuchambua.

Ili tuelewane, ni lazima nieleze kwanza kerneli ni kitu gani. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au ule Android ulio kwenye simu. Ndani kabisa ya mfumo huo kuna kiini chake, na hicho ndicho huitwa kerneli. Chukua mfano wa ploti ya kupangisha yenye orofa tano. Wapangaji ni programu: ya kuandikia barua, ya kuchezea muziki, ya kufungulia intaneti. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake tu. Kerneli ni keateka. Yeye ana funguo zote. Ndiye anayegawa maji, anayeshika mita ya stima, anayeamua nani apite na nani angoje kidogo. Mpangaji mmoja akileta fujo, keateka anamtoa yeye peke yake na wengine wanaendelea kulala. Ndiyo maana programu moja ikihengi unaweza kuifunga bila kompyuta nzima kuzima.

Sasa fikiria keateka mwenyewe amerukwa na akili. Funguo zote anazo. Anaweza kufungua chumba chako na kumwaga maji kitandani akidhani ni bafu. Atazuiwa na nani? Juu yake hakuna mtu. Kwa sababu hiyo kerneli imefundishwa jambo moja la ajabu, kwamba ikigundua hesabu zake yenyewe haziaminiki tena, isimamishe kila kitu papo hapo. Ile skrini ya samawati (ambayo tangu mwaka wa 2025 Windows 11 ilianza kuigeuza kuwa nyeusi) siyo ugonjwa. Ni kerneli inayosema, "Heri nisimame kuliko niandike upuuzi juu ya diski yako." Watu wa Linux huiita hali hiyo paniki. Zamani niliichukia skrini ile. Siku hizi naiheshimu kidogo.

Na kabla haijanyamaza, kerneli huandika wosia. Hapa ndipo dampo linapoingia. Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Diski ni kama daftari: ukiandika leo, kesho utayakuta. RAM ni kama ubao wa darasa: kazi yote ya sasa hivi inafanyiwa pale, lakini umeme ukikatika, ubao umefutwa. Bahati mbaya ushahidi wote wa kifo uko ubaoni. Nani alikuwa akifanya nini, alikuwa ametumwa na nani, hesabu gani ilikuwa mkononi mwake, milango ipi ilikuwa wazi. Ukikimbilia kile kitufe cha kuwashia kabla mambo hayo hayajanakiliwa, umeshika dasta. Dampo ni kunakili ubao kwenye daftari kabla dasta haijapita. Katika miaka ya mwanzo ya kompyuta dampo lilichapishwa kwenye karatasi, rundo la namba tupu, mtu akakaa nalo na penseli usiku kucha. Mimi nililalamika nilipoona faili tano. Nadhani wale wangenicheka.

Nilimuuliza mwalimu swali ambalo bado naona lilikuwa zuri. Kama keateka amerukwa na akili, tutauaminije wosia wake? Si anaweza kuandika uongo, au kuandika juu ya vitu vya wengine?

Alifurahi, nikaona. Akasema kwamba mafundi wa kerneli wamelikunia kichwa swali hilo kwa miaka mingi. Windows haithubutu kufungua faili mpya wakati wa kufa, kwa sababu huenda sehemu inayoshughulikia faili ndiyo iliyoharibika. Badala yake humwaga ushahidi kwenye nafasi iliyotengwa zamani juu ya diski, tena kwa njia fupi kuliko zote. Baadaye, kompyuta ikiwaka tena ikiwa na akili timamu, ndipo vitu hivyo hutolewa pale na kuwekwa kwenye faili lenye jina. Linux ilipata njia nyingine mwaka wa 2005, na hii ndiyo inayonipendeza zaidi. Kuna kerneli ya pili, ndogo, ambayo hukaa imelala ndani ya sehemu ya RAM ambayo ile kubwa hairuhusiwi kuigusa. Kubwa ikipatwa na paniki, ndogo huamshwa, nayo hunakili yote yaliyomo kwenye kumbukumbu ya marehemu. Ni kama kuwa na keateka wa akiba aliyefungiwa kwenye stoo na chakula chake, akingoja siku moja tu ya maisha yake.

Pengine utasema, ndugu msomaji, kwamba haya ni mambo ya mashine tu, si ya roho za watu. Ngoja. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja hapa Nairobi. Haikufika. Ilianguka karibu na Bishoftu dakika kama sita baada ya kupaa, na watu wote 157 wakafa, 32 kati yao wakiwa Wakenya, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza mbele ya televisheni. Miezi isiyotimia mitano kabla yake, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege nyingine ya aina ileile, Boeing 737 MAX, ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189.

Visanduku vya kunakili safari vilitolewa kwenye lile shimo vikapelekwa Ufaransa kusomwa. Vikasema. Kifaa cha upande wa kushoto kinachopima jinsi pua ya ndege ilivyoinuka kilikuwa kikitoa digrii 74.5 wakati kile cha kulia kilikuwa kikitoa 15.3. Ndege moja, pua moja, vipimo viwili! Programu ya kompyuta ya ndege ikakiamini kile kibovu, ikawa inasukuma pua chini huku marubani wakiivuta juu. Kisa cha Indonesia kilifanana na hicho. Ndege za aina hiyo zilizuiwa kuruka ulimwenguni kote mpaka mwishoni mwa 2020, programu ikiwa imerekebishwa. Bila vile visanduku watu wangebaki kubishana kama ni rubani, ni hali ya hewa au ni bomu.

Kisanduku cha ndege na dampo la kerneli si kitu kimoja, nisije nikawapotosha. Kisanduku hunakili safari nzima, dampo ni picha ya sekunde moja tu, ile ya mwisho. Lakini kazi yao ni moja, kumpa aliyekufa nafasi ya kusema.

Haya, turudi kwenye nambari tatu. Jumamosi iliyofuata nilifungua folda ya Windows, na ndani yake nikakuta folda nyingine iitwayo Minidump. Mle mlikuwa na faili tano, kila moja na tarehe yake, zote za baada ya ile fomati ya tatu. Za kabla ya hapo zilikuwa zimefutwa na fundi pamoja na kila kitu kingine. Yaani tulimlipa mtu shilingi 1,500 afute ushahidi, tena tukamwambia asante.

Faili hizo hazifunguki kwa programu ya kawaida. Ukijaribu utaona vidudu tu. Microsoft hutoa bure chombo cha kuzisomea kiitwacho WinDbg. Nilikivuta kutoka intaneti, kikala bando langu la wiki, nikafungua faili la kwanza. Mambo mawili yalinishinda mara moja.

La kwanza ni anwani. Dampo halisemi "kosa limetokea kwenye draiva ya picha". Linasema kosa limetokea mahali fulani, halafu linakupa namba ndefu ya kutisha. Wewe mkaaji wa Komarock utanielewa. Mtu wa bodaboda akiambiwa apeleke mzigo nyumba nambari 214 bila kutajiwa ni fezi gani, atazunguka mpaka petroli iishe. WinDbg huhitaji orodha nyingine, nayo huitwa faili la alama, inayosema kwamba kutoka namba hii hadi ile ni kwa fulani. Nilipoiunganisha na orodha hiyo, zile namba zikageuka majina. Hiyo ilikuwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

La pili ni staki. Hili nitalieleza polepole kwa sababu ndilo lililonifanya nijiaibishe. Tuseme mama amenituma maziwa dukani. Nimechoka, nikamtuma ndugu yangu mdogo. Naye yuko kwenye mchezo, akampa mtoto wa jirani zile pesa. Mtoto wa jirani akarudi na pakiti inayovuja, maziwa yakamwagika mlangoni. Ukifika pale utamkuta mtoto wa jirani akiwa na pakiti mkononi. Staki ni orodha ya nani alimtuma nani: mtoto wa jirani alitumwa na mdogo wangu, mdogo wangu alitumwa na mimi, mimi nilitumwa na mama. Kerneli hufanya kazi hivyo, sehemu moja huita nyingine na nyingine huita nyingine. Dampo likikuonyesha staki linakupa orodha nzima, aliyeshikwa na maziwa akiwa juu kabisa. Je, huyo ndiye mwenye makosa? Huenda. Huenda pia makosa ni ya mwenye duka, ambaye hayumo hata kwenye orodha.

Mimi sikuwaza hivyo. Juu ya staki ya faili la kwanza niliona jina la draiva ya picha, nikaruka juu. "Mama, nimempata!" Draiva, kwa asiyejua, ni kipande cha programu kinachoiunganisha kerneli na kifaa fulani, nacho hukaa na keateka chumba kimoja na kushika funguo zilezile. Nikaiondoa, nikaweka nyingine mpya. Mama akaanza kunisifu kwa majirani. Siku ya pili nambari tatu ikaanguka mteja akichapisha wasifu wake wa kazi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Umesoma faili ngapi?" mwalimu akaniuliza Jumatatu.

"Moja."

"Na ziko ngapi?"

"Tano, mwalimu. Sasa ni sita."

Hakuongeza neno. Nilirudi nikazisoma zote sita, nikaandika kwenye karatasi. Ya kwanza ilimtaja yule wa picha. Ya pili ilimtaja anayeshughulikia faili za diski. Ya tatu ni wa mtandao. Ya nne na ya tano zilisema sehemu ya kerneli yenyewe inayogawa kumbukumbu. Ya sita ikarudi kwa wa diski. Washukiwa wanne kwa maiti sita! Kwenye faili mbili, WinDbg ilikuwa imeongeza maneno kwamba kumbukumbu imeharibika kwa biti moja.

Biti ni ile sifuri au moja ambayo kompyuta huandikia kila kitu. Namba 214 kwa lugha ya kompyuta ni 11010110. Sasa igeuze biti moja tu, ile ya pili kutoka kushoto, iwe sifuri: 10010110. Hiyo si 214 tena, ni 150. Tarishi aliyetumwa nyumba 214 anagonga nyumba 150, na huko anakutana na mbwa. Hakufanya kosa lolote. Karatasi aliyopewa ndiyo iliyobadilika akiwa njiani.

Basi nikafikiri hivi. Kama mwenye makosa angekuwa draiva mmoja, angeshikwa yeye kila mara, au karibu kila mara. Kama ingekuwa virusi vilivyoletwa na mtu, vilirudije baada ya diski kufutwa mara tatu, hata mtu mwenyewe akiwa ameshaondoka? Lakini kama ubao wenyewe ndio mbovu, yaani RAM, basi yeyote atakayeandika pale penye ubovu ndiye atakayekufa. Leo wa picha, kesho wa diski. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba thamani ya madampo yale haikuwa ndani ya lolote kati yao. Ilikuwa katika kuyalinganisha.

Mfano wa kinyume chake ulitokea tarehe 19 Julai 2024, na ulitikisa dunia. Kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike huuza programu ya ulinzi ambayo draiva yake hukaa ndani ya kerneli. Asubuhi hiyo, saa moja na dakika tisa kwa saa zetu, ilituma faili dogo la taarifa mpya kwa kompyuta za wateja wake. Programu ikatarajia kusoma vitu 21 wakati ilikuwa imepewa 20. Ilipokwenda kutafuta cha 21 ikaingia mahali pasipokuwa pake kwenye kumbukumbu, na kerneli ikasimama kama ilivyofundishwa. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta kama milioni 8.5 ziliangushwa. Ndege zikakwama viwanjani, hospitali zikarudi kwenye karatasi na kalamu. Faili lile lilirudishwa baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kuanguka zilihitaji watu wa kwenda kuziwasha kwa hali ya dharura na kulifuta kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Madampo ya siku ile yalipofunguliwa, yalionyesha draiva ileile na kosa lilelile la kusoma nje ya mipaka. Microsoft nayo ilichambua madampo hayo na kuthibitisha yale ambayo CrowdStrike ilikuwa imeyasema. Unaona tofauti, msomaji? Mamilioni ya maiti, kidonda kimoja: hapo programu ndiyo iliyokosea. Kwetu maiti sita, kila mmoja na kidonda chake: hapo shuku kifaa.

Kushuku si kuthibitisha. Nambari tatu ilikuwa na vijiti viwili vya RAM. Nilitoa kimoja nikaacha kompyuta ijipime usiku kucha kwa ile programu ya kupima kumbukumbu iliyomo ndani ya Windows. Safi. Usiku wa pili nikabadilisha vijiti. Hata saa moja haikwisha kabla ya kuandika kwamba imepata hitilafu ya kifaa. Kijiti kingine cha mtumba tulikinunua kwa shilingi 1,200, pungufu kuliko fomati moja.

Nitaje na ubaya wa dampo, maana wenzangu wa klabu wameanza kuniambia naliabudu. Dampo kubwa hunakili RAM yote, na ndani ya RAM ya saiba kuna nambari za vitambulisho vya watu, nywila zao, barua zao za mapenzi na zile za kuomba kazi. Ukimpa fundi usiyemjua dampo kama hilo umempa yote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, na sidhani inasema saiba ndogo zisiwe na haya. Zile faili ndogo nilizosoma mimi hubeba machache, lakini hata hizo sikumtumia mtu. Tena zipo kompyuta zisizoacha kitu. Programu nyingi za kusafisha diski huyafuta madampo zikidhani ni uchafu, na mtu akiizima ile nafasi iliyotengwa juu ya diski ili kupata nafasi ya muziki, kerneli ikifa haina pa kuandikia. Windows pia huja ikiwa imepangwa kujiwasha yenyewe mara tu inapoanguka, kwa hiyo unaona samawati kwa sekunde chache na kudhani stima imeruka. Mpangilio huo unaweza kuondolewa, nami nimeuondoa kwenye kompyuta zetu zote nne.

Yule mteja wa mwezi wa Mei hajarudi. Sijui fomu ya mwanawe iliishia wapi.

Mama nilimwekea zile karatasi mezani na kumweleza kama nilivyokueleza wewe, pamoja na mfano wa maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo haikuwa sinema?" Nikasema haikuwa. Alikaa kidogo, akachukua simu na kutoka nje. Nilisikia upande wake pekee. Binamu siku hizi ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mama aliniambia kwamba jibu lake lilikuwa fupi: "Sawa Anti, asante kwa kuniambia." Hakusema kama atarudi, naye mama hakumlazimisha.

Kile kijiti kibovu hakijatupwa. Kiko kwenye droo ya saiba, kimefungwa kwa mpira pamoja na karatasi zangu za madampo sita. Mama amesema atampa binamu mwenyewe mkononi, siku atakapokuja kuchukua viatu vyake.